Chumba Kisicho na Mlango wa Pili

Ngo, ngo, ngo.

Mama Matundu aliondoa mguu kwenye mafuta, akatulia nyuma ya usukani wa gari la watu. Injini ilirudi kwenye mngurumo wake wa chini na kugonga kule nyuma ya bati kukakoma. Akazima gari, akashuka, akajifuta mikono kwenye ovaroli na kupita mlango mdogo kwenda chumbani kwa mumewe.

Karakana na chumba vilitenganishwa na ukuta mmoja tu wa mabati. Upande huu ilikaa mashine ya kuchomelea, upande ule kitanda. Fundi alikuwa amelala chali, spana namba kumi katika mkono wa kushoto, macho darini. Tangu kiharusi kimwangushe miezi saba iliyopita, upande wake wa kulia ulikuwa wake kwa jina tu, na maneno yote aliyokuwa nayo yalibaki sauti moja, "aa", aliyoitumia kwa njaa, kwa asante na kwa hasira. Ile spana mkewe ndiye aliyempa, siku za mwanzo, ili agonge ukuta akihitaji kitu.

Alimpa maji, akayakataa. Akamgeuza ubavu, akamtengenezea mto, akafungua dirisha. Fundi alimkazia jicho lililo zima, akagonga fremu ya kitanda pigo moja, kisha akageuzia uso ukutani.

"Sasa unataka nini, Fundi?" mkewe aliuliza. "Maji nimekupa, dirisha nimefungua. Nikuimbie?"

Zamani angecheka. Safari hii alifumba macho tu, na Mama Matundu akarudi kazini akiwa amechoka kabla hata ya saa tatu asubuhi.

Jambo la kugonga lilikuwa limeshafika kwenye kikao cha familia. Shemeji yake, mdogo wa Fundi, ndiye aliyelifikisha. Hakuwa mtu mbaya. Kila Jumapili alikuja kumbeba kaka yake kwenda kuoga, na alimnyoa ndevu kwa mkono mwepesi kuliko kinyozi. Lakini alikuwa na macho, na alichokiona alikisema: kila injini inapowaka karakana, mgonjwa hugonga kama mtu aliyeingiwa na wazimu. Kelele zinammaliza. Kwa nini karakana isifungwe, nafasi akapewa muuza matairi? Matairi hayapigi kelele, yanakaa tu. Kwa kuanzia, Shemeji alikivuta kitanda hatua moja kutoka ukutani ili kaka yake asiufikie. Fundi akajifunza kunyoosha mkono mpaka bega limtoke, akaendelea kugonga.

Hata Mama Matundu alianza kuamini. Usiku alijiuliza ni mke wa namna gani anayemtesa mumewe ili apate kuchomelea mabomba. Ila pia alijua kwamba karakana ikifungwa, yeye atabaki mtu wa kugeuza mgonjwa na kupepeta mawazo mchana mzima. Aliipenda ile kazi. Hakuwahi kumwambia mtu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumuuliza.

Basi wakapatana. Gari dogo la hospitali, linalochukua wagonjwa wa figo majumbani, lilikuwa limerudi mara mbili kwa ajili ya sailensa, kizuia kelele za injini, aliyoitengeneza Mama Matundu. Leo lilikuwa hapo kwa mara ya tatu. Likitoka likiwa zima, karakana inabaki. Likirudi tena, anamkabidhi muuza matairi ufunguo. Mchana Shemeji angepita kuona mambo yalivyo, na yeye alikuwa mtu wa kutimiza ahadi, hasa zile za kuwafungia wengine kazi.

Dereva wa gari lile alikuwa amekaa kwenye tairi bovu akinywa chai. Mwanamume mpole, mwenye kuomba radhi hata akilalamika.

"Nieleze tena," Mama Matundu alimwambia. "Polepole, usiruke kitu."

Dereva akaeleza. Gari likisimama, shwari. Likienda taratibu mtaani, shwari. Akishika barabara kuu, mwendo wa sitini hivi, ndipo linapoanza. Akipita themanini, linaacha. Lakini ukiwa na wagonjwa huwezi kupita themanini.

"Na siyo kelele, Mama. Kelele mtu anazizoea. Huu ni mvumo. Unakukaa hapa." Aligusa kisogo chake. "Yule bibi wa kiti cha nyuma, sailensa iko chini yake kabisa. Juzi kaniambia nisimfuate tena. Anasema afadhali figo kuliko gari langu."

Alicheka kidogo, kisha akaacha, kwa sababu bibi hakuwa akitania. Alitakiwa kufuatwa leo, saa nane.

Mama Matundu alilala kwenye kipande cha boksi, akajisogeza chini ya gari. Aliitazama sailensa yake. Kwa nje haikuwa na kasoro. Mshono wa kuchomelea ulikuwa mwembamba na ulionyooka, afadhali hata kuliko wa Fundi, ambaye siku zote alikuwa na haraka mwishoni.

Jina lake la utani lilitokana na ndani ya makopo kama hilo. Kwa miaka kumi na tano kazi yake pale ilikuwa kutoboa. Sailensa kwa nje ni kopo la bati nene tu, lakini ndani ni nyumba: ina kuta, ina vyumba, na mabomba mafupi yanayotoka chumba hiki kwenda kile. Sauti ya injini huingia kwa nguvu, ikakuta bomba la pili halikukaa mkabala na la kwanza, ikagonga ukuta, ikarudi, ikakutana na sauti nyingine inayokuja nyuma yake, na mwisho wa purukushani hizo hutoka nje imenywea. Mabomba yenyewe hutobolewa matundu madogo madogo ili sehemu ya sauti ivujie pembeni, kwenye nyuzinyuzi za chuma, ifie humo. Matundu yale yote aliyatoboa yeye kwa drili, mamia kwa siku, yamepangika mistari. Watoto wa mtaani wakampa jina, na wateja wakalichukua.

Lakini kupanga vyumba, hapo Fundi hakumruhusu. Ikifika saa ya kusimamisha kuta alikumbuka ghafla kwamba sabuni imekwisha, au fimbo za kuchomelea zimebaki chache, na mkewe akatumwa dukani. Akirudi, kopo limeshafungwa. Alifahamu kwamba anafichwa. Aliliweka moyoni, akaendelea kutoboa.

Alichoachiwa ni vipande vya boksi vilivyotundikwa kwenye msumari, mifano ya kuta, kila kimoja na namba yake ya penseli. Kwa vipande hivyo alijifundisha. Ukuta wa kwanza matundu mawili makubwa ya mabomba, wa pili mawili, na wa tatu, wa mwisho kabisa, tundu moja tu. Hili la tatu lilimtatiza. Bomba moja linaingia chumba cha mwisho, na chumba chenyewe hakina mlango wa pili. Moshi ukiingia utokee wapi? Akaona Fundi alisahau kuchora, au panya walikula penseli. Basi kwa roho safi, na kwa kuwa ndiyo kazi aliyoijua kuliko mtu yeyote katika mji ule, ukuta wa tatu aliutoboa matundu arobaini.

"Dereva," aliita kutoka chini ya gari, "nenda kawashe. Ukanyage mafuta kidogo kidogo, mimi nisikilize kama panavuja."

Injini ikawaka. Aliweka kiganja kwenye mdomo wa bomba, akahisi mapigo ya moshi yakisukuma sawasawa. Dereva akakanyaga. Sauti ikapanda, ikapanda, na bati la ukuta likajibu: ngo, ngo, ngo.

Siku zote akisikia hivyo aliachia mafuta mara moja na kukimbilia chumbani. Lakini leo mguu haukuwa wake. Dereva, hana hili wala lile, aliendelea kukanyaga. Sauti ikapanda zaidi, na kugonga kukakoma.

Mama Matundu alitoa kiganja kwenye bomba.

"Shusha kidogo."

Sauti ikashuka. Ngo, ngo, ngo.

"Shusha tena."

Kimya ukutani.

"Panda."

Ngo, ngo, ngo.

Alijiburuta kutoka chini ya gari kwa haraka hata akajikwaruza kiwiko. Dereva akamuuliza ni nani anayegonga. Alimwambia aendelee hivyohivyo, apandishe na kushusha, asiache mpaka aambiwe. Kisha akaenda chumbani, akasimama mlangoni bila kusema neno.

Fundi alikuwa amefumba macho. Kichwa kilielemea ukuta, na spana ilikuwa hewani ikingoja. Sauti ilipofika mahali pale, mahali palepale palipomfanya bibi wa watu akate tamaa, aliuma mdomo wa chini na kugonga. Ilipopita, akaishusha spana. Huo haukuwa uso wa mtu anayeteseka. Mkewe aliujua vizuri. Ndio uso aliouvaa alipoona mtu amekata bati upande, au ameacha mshono wenye tundu la sindano. Ulikuwa uso wa Fundi akiudhika na kazi mbovu.

Mama Matundu alishika kizingiti. Furaha na hasira vilimjia pamoja, na hakujua kipi akitangulize. Miezi saba alikuwa akimnywesha maji mtu asiyekuwa na kiu.

Alirudi, akamwambia Dereva azime. Akaishusha sailensa, akaifungua mgongo kwa grainda, cheche zikiruka mpaka kwenye viatu vya Dereva. Ukuta wa tatu akaung'oa ukiwa bado wa moto, akauzamisha kwenye maji upoe, akaubeba kwa kitambaa, akachukua na kile kipande cha boksi chenye tundu moja. Vyote akaviweka kifuani kwa mumewe.

Fundi aliutazama ule ukuta wa bati kwa muda mrefu. Alihesabu, midomo ikitetemeka. Kisha akaweka kiganja chake cha kushoto juu ya matundu arobaini, akayafunika.

"Niyazibe?"

"Aa."

"Yote?"

"Aa."

"Na moshi utokee wapi?"

Hapo Fundi alikwama. Aliangaza macho kitandani, mezani, dirishani. Mwishowe mkono ukaenda kwenye chupa tupu ya dawa ya kikohozi iliyokuwa kando ya mto. Akaipeleka mdomoni, akapuliza. Lakini mdomo ulikuwa umekwenda upande, na kilichotoka ni mate na hewa. Akajaribu tena. Akampa mkewe ile chupa, macho yakiwa yamejaa machozi, ingawa tangu kiharusi machozi yalimjia hata kwa jambo dogo.

Mama Matundu aliiweka chupa chini ya mdomo wake na kupuliza juu ya shingo ya chupa. Ikavuma. Sauti moja, nzito, ya chupa. Akapuliza kwa nguvu, ikavuma sauti ileile. Akatia maji kidogo, akapuliza, ikavuma juu zaidi. Alikaa ukingoni mwa kitanda na chupa mapajani.

Chupa ina mdomo mmoja. Ukiitoboa chini haivumi tena. Na chumba cha mwisho hakikuwa cha moshi hata kidogo, kilikuwa cha mvumo. Moshi ungejiendea njia yake kupitia vyumba viwili vya mwanzo, ila ule mvumo mmoja wa mwendo wa sitini ungeingia humo kwenye bomba fupi, ukakutana na chumba kinachovuma kama wenyewe, na kila ukisukuma, chenyewe kinaurudisha, mpaka vyote viwili vinyamaze. Fundi hakusahau kuchora kitu. Mama Matundu ndiye aliyetoboa chupa.

"Miaka kumi na tano," alisema polepole. "Kila ukifika kwenye kuta unanituma sabuni. Nyumba hii tungeweza kufungua duka la sabuni, Fundi. Uliogopa nini? Kwamba nitaolewa na karakana nyingine?"

 Fundi alimtazama, na safari hii hakugeuzia uso ukutani. Kisha akainua mkono, akatanua vidole: shibiri moja. Akakunja vidole viwili. Shibiri kasoro vidole viwili. Akatikisa mkono kuonyesha kwamba hana hakika.

"Ndio urefu wa bomba?"

"Aa."

"Basi tutatafuta wote. Mimi nakata, wewe unasikiliza. Ukisikia ubaya, gonga."

Saa sita Shemeji aliingia na futi ya chuma mfukoni. Alisema ameombwa tu na muuza matairi amchukulie vipimo, haina maana kwamba jambo limeshaamuliwa, na wakati akisema hivyo alikuwa tayari ameshapima mlango. Mama Matundu hakumjibu. Alikuwa amevaa miwani myeusi, anachomelea ukuta mpya, mzima, wenye tundu moja. Kifuniko cha mwisho hakukichomelea. Alikibana kwa vibano na kukipaka udongo pembeni, ili akihitaji kulipunguza lile bomba afungue bila kuvunja.

Walifunga sailensa. Dereva akakaa nyuma ya usukani, akakanyaga. Sauti ilipofika mahali pake, bati likagongwa.

"Umeona?" Shemeji alisema kwa huzuni ya kweli. "Unamuumiza, Shemeji. Mimi sisemi kwa ubaya."

"Subiri," Mama Matundu alimjibu. Alikuwa amesikia kwamba mapigo yalikuwa mawili tu, na yamekuja kwa kuchelewa.

Akangoja chuma kipoe, akafungua vibano, akatoa bomba, akalikata kwa msumeno upana wa kidole kimoja. Wakafunga tena. Dereva akakanyaga. Ngo. Pigo moja, dogo, la mtu anayesitasita. Shemeji akafungua mdomo, mke wa kaka yake akamwinulia kidole, akaufunga. Ilikuwa imeshafika saa saba na robo. Dereva alitazama saa yake, akaomba radhi kwa kuitazama.

Hapo Mama Matundu alisimama kidogo na lile bomba mkononi. Akikata zaidi ya inavyotakiwa hakuna kurudisha, na bomba jingine la kipimo kile hakuwa nalo. Alipuliza vumbi la chuma, akapima nusu ya kidole, akaweka alama kwa ukucha, akakata.

Wakafunga. Alikaza vibano mwenyewe, akasimama katikati ya karakana akiutazama ukuta wa mabati.

"Twende," alisema.

Injini ikawaka. Sauti ikapanda polepole, ikafika mahali pale, na mahali pale palikuwa patupu. Dereva alibaki hapohapo, mguu hautikisiki. Akapanda, akashuka, akarudi. Ukuta haukusema kitu. Dereva alitoa kichwa dirishani, akauliza kama aongeze, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetua mzigo.

Shemeji alikuwa ameshika futi, utepe wake mrefu wa chuma ukining'inia. Alitazama ukuta, akamtazama Mama Matundu.

"Amelala?"

"Hajalala. Anasikiliza."

Lakini naye aliingiwa na hofu, kwa sababu kimya cha mgonjwa si kitu cha kuchezea. Alichomelea kifuniko kwa haraka, mshono wa kwanza mbaya alioufanya mwaka ule, kisha akaenda chumbani karibu mbio, Shemeji nyuma yake.

Fundi alikuwa macho. Alikuwa ameunyoosha mkono mzima kuvuka ile hatua moja, kiganja kimelazwa juu ya bati, na spana imetua kifuani. Alipowaona alirudisha mkono, akaichukua spana na kumnyooshea mkewe, upande wa kushikia ukimwelekea yeye. Hivyo ndivyo Mama Matundu alivyompa vyombo kwa miaka kumi na tano. Yeye mwenyewe hakuwahi kupewa kimoja namna ile.

Aliipokea. Aliipima uzito mkononi, akaifuta kwenye ovaroli. Kisha akaiweka tena kwenye kiganja cha mumewe na kumkunjia vidole kimoja kimoja.

"Kaa nayo," alimwambia. "Kesho saa tatu inakuja pikapu, na sijui vyumba vyake."

Akamgeukia shemeji yake.

"Shemeji, shika huko miguuni. Tukirudishe kitanda."

Shemeji alitafuta pa kuiweka futi, akaisukuma mfukoni. Wakainua upande mmoja mmoja, wakasukuma, mpaka fremu ikagusa bati. Nje, Dereva aliwasha gari kwenda kumfuata bibi wa kiti cha nyuma. Walilisikia likitoka uani, likikata kona, likishika barabara kuu na kuongeza mwendo. Wote watatu walisikiliza, na hakuna hata mmoja aliyeweza kusema ni wapi hasa sauti yake ilipoishia.